Kiota cha Mnana si Gofu

Mwezi uliopita, huko Laikipia, nilimkuta kijana akinoa shoka chini ya mgunga uliojaa viota. Alitaka kuchoma makaa. Nilipomwuliza habari za ndege alinijibu, "Mzee, hayo ni magofu tu. Hamna yai wala kinda."

Ndugu msomaji, kosa hilo ni letu wengi. Mnana huyu mdogo, mwenye kofia ya kijivu, si kama jamaa zake wa manjano ambao huvihama viota wakiisha kulea. Yeye hulala kiotani mwaka mzima. Nyumba yake ya nyasi kavu ina milango miwili upande wa chini. Majira ya kutaga yakifika, mmoja huzibwa. Makinda nayo hayalishwi na wazazi peke yao, bali hata ndugu zao wakubwa husaidia. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee. Sisi twaimba umoja majukwaani. Ndege hawa wanauishi mtini.

Najua makaa ni unga na karo ya watoto, wala kijana yule si mkatili. Lakini kwa maoni yangu, mgunga wenye viota usikatwe msimu wowote, hata ukionekana mtupu mchana. Wenyewe wako chini nyasini, wakitafuta mbegu na wadudu.

Nilimwomba asubiri magharibi. Walirudi kwa makelele, kila mmoja akaingia kwake. Kijana alitazama kimya, akachukua shoka lake, akaondoka.

Labda kesho atakata mgunga mwingine. Nani atakayemwomba asubiri?