Mganga Mkuu Naye Ahitaji Mlezi

Kijana anayetaka udaktari nchini mwetu husoma miaka mitano chuoni, kisha hutumikia mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Akitaka ubingwa, huongeza miaka mitatu. Katika muda wote huo haachwi peke yake. Akishika kisu, yuko mkubwa anayeutazama mkono wake. Akikosea kipimo cha dawa, yuko wa kumsahihisha kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Lakini siku anapoteuliwa kuwa mganga mkuu wa wilaya, ulezi huo aghalabu hukoma. Hukabidhiwa ofisi, muhuri, gari (likiwapo) na afya ya maelfu ya watu.

Tuichukue wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na vijiji vyake vimetawanyika katika tambarare ambazo udongo wake mweusi wa mbuga hunasa magari wakati wa mvua. Mganga mkuu wa mahali kama hapo hana budi kuamua mapema dawa za malaria zifikishwe kwanza katika zahanati zipi, muuguzi yupi ahamishwe, na mafuta machache yaliyopo yaende kwenye chanjo au yawekwe akiba kwa ajili ya mama atakayeshindwa kujifungua usiku. Kisha asimame mbele ya madiwani autetee mpango wake. Katika mambo hayo ustadi wa kisu haumsaidii.

Kwamba maamuzi ya namna hiyo huua au huokoa, ushahidi tunao humu humu nchini. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Ilidhihirika kwamba huko Morogoro malaria ilisababisha kiasi cha 30 kwa mia ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilitengewa 5 kwa mia tu. Timu za wilaya zilionyeshwa takwimu za vifo vya kwao wenyewe, zikapewa nyenzo rahisi za kupangia na nyongeza ya fedha isiyofikia dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Zikageuza mipango, na katika miaka michache vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya 40 kwa mia. Sidai kwamba hayo yote ni tunda la uongozi. Vyandarua na dawa vilifanya kazi yake. Lakini yuko aliyeamua vinunuliwe.

Dawa yetu ya kawaida kwa upungufu wa uongozi ni semina. Wakubwa hukusanywa mjini siku tano, hupewa mikoba na vyeti, wakarudi kwenye meza zile zile. Hakuna anayefundisha upasuaji kwa njia hiyo. Hata Usukumani, manju wa ngoma hukaa kwanza chini ya manju mwingine.

Mwaka 2011 daktari mpasuaji wa Marekani, Atul Gawande, alieleza jinsi alivyomwomba mwalimu wake wa zamani, aliyekwisha kustaafu, aje amtazame akipasua. Gawande alikuwa bingwa mwenye sifa. Hata hivyo mzee yule aliona kwamba taa ilikuwa imeliacha jeraha kwa muda mrefu bila mpasuaji kutambua. Ikiwa taa humponyoka bingwa, bajeti ya wilaya je?

Napendekeza kila mganga mkuu mpya apewe mlezi: mganga mkuu mstaafu, amtembelee mara chache kwa mwaka, akae naye kikaoni, apande naye gari hadi zahanati ya mwisho, kisha jioni wazungumze wawili. Asiwe mkubwa wake wa kazi. Ukaguzi wa mkoa ni wa lazima, lakini nani atamkiri udhaifu wake mtu anayeandika taarifa yake ya utendaji? Wala mlezi asije na orodha ya kuweka alama ya vema, asaini kitabu cha wageni, aondoke.

Gharama yake ni nauli, posho ya siku chache na kitanda. Kizuizi kikubwa ni heshima ya cheo, kwa maana mtu aliyezoea kuitwa "Daktari" tangu ujanani huona haya kuonekana akifundishwa. Basi na waanze wale ambao hakuna atakayewashuku kwa ujinga, yaani mabingwa na waganga wakuu wa mikoa wenyewe.