Kwa nini nesi amemwita aliyefika baada yako?

Umetoka Manzese usiku kwa bajaji na mtoto mwenye homa, umefika Sinza Palestina au Mwananyamala, umekaa kwenye benchi. Wewe ni wa pili. Anaingia mama mwingine na mtoto kifuani, nesi anamtazama mara moja, anamshika mkono, anapita naye ndani. Pembeni mtu ananung'unika: "Wanajuana hao."

Mara nyingi hawajuani. Katika muda ule mfupi muuguzi ameangalia mtoto anavyopumua, kama ulimi umegeuka bluu, kama anaitika. Ameshika vidole kuona kama ni vya baridi, akabonyeza kucha na kuhesabu: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, huenda damu haizunguki vizuri. Degedege isiyokata, kupoteza fahamu, kuharisha hadi macho yamezama na mtoto amelegea. Haya hayasubiri foleni wala faili. Mtoto wako anayelia kwa nguvu na kukusukuma anamwambia nesi kwamba hewa inapita. Anayetisha ni yule aliyenyamaza.

Kupanga wagonjwa hivi kumeokoa watoto. Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre nchini Malawi, ilipanga upya mapokezi ya watoto mwaka 2001 na kuwafundisha wahudumu wake. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi asilimia 6 hadi 8.

Kuna lawama nyingine: "Hata dripu hawajamtundikia." Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, nchini Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, Muheza ikiwamo. Waliopewa maji mengi ya haraka mshipani walikufa zaidi: takriban 10 au 11 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wasiopewa. (Wanaoharisha hawakuwamo, hao maji wanayahitaji.) Kwa hiyo nesi anayesita na dripu huenda ndiye anayefikiri.

Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010. Baada ya mkopo wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, majengo ya dharura yakaanza kujengwa katika hospitali nyingi za halmashauri. Ni jambo jema, ila jengo ni rahisi kulizindua. Mimi ningemuuliza diwani swali moja: saa nane usiku, nani anakaa mlangoni, na amefundishwa kupanga wagonjwa? Akipelekwa wodini kuziba pengo, jengo zima linarudi kuwa benchi na foleni.

Nawe una sehemu yako. Mwambie nesi homa ilianza lini, umempa dawa gani na saa ngapi, za kienyeji zikiwamo, usiogope kugombezwa. Mtoto akiwa chini ya miezi miwili, taja umri hata kabla ya jina, kwa sababu wachanga hutangulizwa. Na hali ikibadilika ukiwa kwenye benchi, usingoje kuitwa. Nyanyuka useme: "Nesi, alikuwa analia, sasa amenyamaza na haamki."