Bukavu: Kupandisha ralanti si kutengeneza gari

Hapa mjini Bukavu, mwenye Volkswagen Coccinelle akifika garaje na kusema injini inatetemeka na kutaka kuzimika gari likisimama, mara nyingi jibu ni bisibisi. Fundi anakaza skrubu ya ralanti, injini inanguruma, mteja anafurahi na kulipa. Kwa maoni yangu, hapo hakuna kilichotengenezwa. Ugonjwa umefunikwa kwa kelele, na esansi inaungua bure kila mara gari linaposubiri njiani.

Gari hili la zamani halina kompyuta ya kusema kosa liko wapi. Lazima mtu atafute. Kwa Coccinelle ya 1600, vali zinapimwa injini ikiwa baridi: milimita 0,15. Visi platine za ndani ya delko, 0,4. Buji, 0,7. Hayo yakiwa sawa, ndipo tuangalie hewa. Mipira inayounganisha mabomba kati ya karburateri na injini ikipasuka, inaingiza hewa ambayo karburateri haikuipima, na injini inaanza kuchechemea. Nyunyizia maji kidogo pale kwenye mpira. Sauti ikibadilika, umepata. Kuna wanaonyunyizia esansi juu ya injini yenye moto. Hao wanatafuta kuunguza gari na garaje pamoja.

Tena kuna waya mmoja mdogo unaopeleka umeme kwenye vali ya ralanti, ubavuni mwa karburateri. Ukichomoka, gari linatembea vizuri, lakini ukiachia tu mguu, injini inazimika. Kuurudisha ni kazi ya dakika moja.

Na hapo ndugu zangu wenye magari, tusiwasingizie mafundi peke yao. Fundi akitafuta nusu siku nzima, mwishoni akakuta ni waya tu, tunamwuliza: «Sasa nikulipe kwa kazi gani?» Akituambia karburateri imekufa, inunuliwe mpya, dola zinatoka mfukoni bila ubishi. Ni sisi tuliomfundisha kwamba kipande kinalipwa, akili hailipwi.

Na hiyo karburateri mpya haimalizi kitu ikifungwa tu. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi. Iliyopangwa kwa nchi ya chini itamwaga esansi nyingi kupita hewa iliyopo, na buji zitakuwa nyeusi kama makaa. Bado anahitajika mtu wa kuirekebisha, yule yule tuliyekataa kumlipa.

Pendekezo langu ni hili: kabla kifuniko cha nyuma hakijafunguliwa, mteja na fundi wapatane bei ya kutafuta, mbali na bei ya vipande. Fundi naye aonyeshe alichopima, mbele ya mwenye gari na mbele ya vijana wanaojifunza kwake. Kwa sasa vijana hao wanaona skrubu peke yake.