Wageni wa Singida nao wana yao moyoni, tuwasikilize kabla ya kushangilia

Hapa Singida upepo ni ule ule na vumbi ni lile lile. Leo nina hoja moja imenikaa kooni na nimeona niitoe, atakayenuna anune.

Mimi nafanya kazi kwenye kafe moja hapa mjini, si mbali na soko kuu. Upande mmoja kompyuta sita na mashine ya fotokopi, upande wa pili meza ya fundi simu. Siku hizi fomu karibu zote zinajazwa mtandaoni, kwa hiyo wageni wanaoishi mkoa huu wanapita sana kwetu. Msidhani ni wachache. Reli ya kisasa kipande cha Makutupora hadi Tabora imepita Manyoni na Itigi na ikaja na Waturuki wa Yapi Merkezi. Bomba la mafuta la kutoka Hoima kwenda Chongoleani limekatiza mkoa wetu. Kuna dhahabu, kuna alizeti, kuna vitunguu. Ukiongeza masista na madaktari wa hospitali za misheni, Wakenya wa biashara na Wakongo wa saluni, utaona wageni hatuwakosi.

Na wageni wakikaa kwenye foleni ya fotokopi, kazi yao ni kulalamika. Mimi nasikiliza tu. Baada ya muda nimeyagawa malalamiko yao mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale madogo madogo. Dada mmoja wa Kijerumani anayejitolea shule fulani anasema amechoka kuitwa "mzungu" kila akikata kona, na nyanya anauziwa bei ambayo mama yangu angeisikia angeanguka. Mchina mmoja wa barabara anasema watoto wakimwona wanarusha mateke ya sinema. Hapo nawapa pole, maisha yaendelee. Bei ya mgeni ni noma, lakini hata mimi nikienda Kariakoo na lafudhi yangu ya Kinyaturu nauziwa bei ya mgeni.

Fungu la pili ni karatasi. Mgeni anayetaka kufanya kazi hapa anahitaji kibali cha kazi upande wa Kazi, halafu kibali cha ukaazi upande wa Uhamiaji. Ada mbili, subira mbili. Laini ya simu nayo ina alama zake za vidole, utaratibu ulioanza 2019. Ardhi hawezi kumiliki, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Juu ya hayo kuna ile "njoo kesho" ya ofisi moja ambayo siitaji. Wageni wanadhani "njoo kesho" imetungwa kwa ajili yao. Jamani, mimi cheti changu cha kuzaliwa kilichukua mwaka mzima! Hapo mgeni na mwenyeji tumo kwenye mtumbwi mmoja, na angelalamika kwa sauti zaidi labda tungepona wote.

Fungu la tatu ndilo lililonifanya niandike. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikisainiwa na aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo. Amri ilitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya. Nazitaja kwa kifupi: biashara ya jumla na rejareja (supamaketi zimeachwa), uwakala wa pesa kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, saluni isipokuwa ya hotelini au ya utalii, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo wa madini, kupeleka vifurushi, kuongoza watalii, redio na televisheni, makumbusho na maduka ya vinyago, udalali wa biashara na nyumba, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, mashine za kamari nje ya kasino, na viwanda vidogo. Ukikamatwa, faini isiyopungua milioni 10 au jela hadi miezi 6, na kibali kinafutwa. Mtanzania atakayemsaidia mgeni kukwepa naye ana lake: faini ya milioni 5 au miezi mitatu. Waliokuwa na leseni tayari waliachwa waendelee mpaka muda wake uishe.

Siku ile hapa kafe tulishangilia ile mbaya. Mimi nikiwa wa kwanza, sifichi.

Ile meza ya fundi simu ilikuwa ya Mkenya mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kufungua simu, kubadili kioo, kusafisha sehemu ya chaji iliyoliwa na maji. Nilikuwa namwita mwalimu, na chinichini namwonea kijicho kwa sababu wateja wote walikuwa wake. Leseni yake ilipoisha alifunga begi, akanipa bisibisi zake na ile taa ya kichwani, akapanda basi. Leo meza ni yangu. Wateja ni wangu. Nimefaidika, siwezi kudanganya.

Tatizo ni kwamba kufundisha kwenyewe alikuwa hajamaliza. Simu ikifa ubao wa ndani mimi siwezi, natuma Arusha. Mteja anangoja wiki nzima na analipa mara mbili ya alivyokuwa akilipa. Mshiko unaenda Arusha, mimi nabaki na nauli. Ajira aliyoiacha nimeichukua nusu, nusu nyingine imehama mkoa.

Sasa njoo kwa Shemeji. Ni Mkongo, ana kinyozi Majengo. Tunamwita Shemeji kwa sababu ameoa binti wa hapa hapa na ana watoto watatu. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa njia ya ndoa. Mwanaume wa kigeni aliyeoa Mtanzania njia hiyo hana. Imebaki tajnisi, inayodai miaka mingi ya ukaazi na uamuzi wa mwisho ni wa Waziri. Juzi alikuja kuchapisha karatasi zake, leseni yake inakaribia kuisha. Nikamuuliza, Shemeji, si uandike saluni kwa jina la dada? Akacheka kidogo. "Mdogo wangu, saluni ikiwa ya mke wangu, mimi ninayenyoa ni nani? Mfanyakazi wa kigeni, nitafute kibali cha kazi cha kunyoa. Na wakisema ananificha, yeye ndiye anaingia ndani. Mke wangu Mtanzania, wanangu Watanzania, hata mashine ya kunyolea nimeinunua sokoni hapa. Mgeni ni mimi peke yangu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimtoza nusu ya bei ya kuchapisha, basi.

Wadau, msinielewe vibaya. Sisemi amri ile haina msingi. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo ni cha kweli na ni cha siku nyingi. Mnakumbuka Januari 2011? Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, mbunge wetu wa Singida Kaskazini enzi hizo, aliwapa wachuuzi Wachina wa Kariakoo siku 30 waondoke, akisema waliruhusiwa kuja kuwekeza na si kuchuuza na kung'arisha viatu. Mtu anayekuja na kontena zima kushindana na mama mwenye mtaji wa laki mbili, huo si ushindani. Hapo naunga mkono mia kwa mia.

Ila Shemeji ana kontena gani? Ana viti viwili na kioo.

Halafu kuna ujirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na sisi tuliisaini. Kongo ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Amri ya 2025 haikutenganisha Mkenya, Mkongo na mtu wa kutoka mbali, ndiyo maana Kenya, kupitia waziri wake wa biashara Lee Kinyanjui, ilipinga. Na tusisahau mwaka 2019 mbunge mmoja wa Nairobi, yule mwanamuziki Jaguar, alipotishia kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa kigeni wakiwemo Watanzania. Bunge letu liliwaka, na Kenya yenyewe ikamkamata. Tulisema ni ubaguzi. Nina binamu yangu anauza nguo Nairobi. Akifukuzwa kesho, nitasema nini?

Tazameni na hili la kununua mazao shambani. Mjomba wangu analima vitunguu. Zamani mnunuzi Mkenya alikuwa anafika mpaka shambani na pesa mkononi, wanapatana. Sasa anakaa mjini, anamtuma dalali. Dalali anashangilia kwa sana uzalendo, huku mjomba anapokea kilichobaki baada ya dalali kukata chake. Mlindwa hapo ni nani, mkulima au dalali?

La mwisho, tuwe waangalifu na neno mgeni. Mohammed Dewji alizaliwa hapa Ipembe mwaka 1975 na alikuwa mbunge wetu wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Bado kuna watu hapa mtaani wanamwita "yule Mhindi." Tukianza kuhesabu wageni kwa sura, tutajikuta tunawahesabu mpaka wenyeji.

Maoni yangu mimi, fundi nusu: amri ibaki kwa wenye mitaji mikubwa wanaoshuka kwenye biashara za wadogo. Majirani wa Afrika Mashariki wapewe utaratibu wao, hata kama ni kwa masharti, mfano kufundisha vijana wawili mpaka waive. Mume wa Mtanzania apewe haki anayopewa mke wa Mtanzania. Na wale wenzetu wanaokodisha majina yao kwa wageni wenye makontena waguswe kwanza, kwa sababu bila wao hakuna kontena lingefika Kariakoo.

Leseni ya Shemeji haina siku nyingi. Mimi bado nanyoa kwake, na kila nikikaa kwenye kile kiti naona aibu kidogo, maana nilishangilia.

Mnasemaje wadau? Kama kuna fundi simu anayesoma hapa na kwake mambo ni tofauti, aseme. Nawasilisha.