Kutoka Darasani Hadi Vitani
Mwaka 1954, huko Uingereza, kampuni ya Hunting Percival iliichukua Provost, ndege ya mafunzo iliyokuwa ikivutwa na rafadha, ikaitia mtambo wa jeti aina ya Viper, na viti vya mwalimu na mwanafunzi vikabakia ubavu kwa ubavu; na mwaka uliofuata, katika kituo cha jeshi la anga cha Hullavington, wanafunzi wakaanzishwa moja kwa moja katika jeti, ili ijulikane kama jambo hilo lawezekana, nalo likadhihirika kuwa lawezekana. Lakini chombo hicho cha elimu hakikuachwa kiwe cha elimu tu, kwani kilizaa ndege ya Strikemaster, iliyobeba mabomu, ikanunuliwa na Kenya, na Oman ikaitumia katika vita vya jimbo lake la Dhofar. Basi serikali inunuapo ndege ya mafunzo, raia wana haki ya kuuliza ni mafunzo gani yakusudiwayo.