Majaribio ya Mtandaoni, Mapafu ya Nani?



Mambo ya "jitengenezee mwenyewe" yanayopita mitandaoni yameingia katika nyumba za Riyadh na Jeddah kama yalivyoingia kwengine. Mama mwenye nyumba anatazama video ya dakika moja TikTok au YouTube, anaona mtu kachanganya vitu viwili vitatu na choo kimeng'ara kama sahani mpya. Kisha anamwita binti wa Mombasa, wa Tanga au wa Jinja: njoo, fanya hivi. Katika nyumba ya mfanyakazi, kwa hivyo, aliyetazama ni mwengine na anayejaribu ni mwengine.

Tuseme mapema kwamba hatuna ugomvi na kujaribu. Bibi zetu walijaribu majivu, limau na mchanga wa pwani, na masufuria yakatakata. Lakini jambo la kujaribu hupimwa mahali na kwa hali yake. Chukua ile video ya shuka iliyoroweshwa na kutundikwa mbele ya feni ili chumba kipoe. Riyadh itakusaidia kweli, kwa sababu hewa ya kule wakati wa joto ni kavu mno, maji yanakauka upesi na yanapokauka yanachukua joto. Ndiyo kazi ya mtungi wa udongo, na ndiyo kazi ya vile viyoyozi vya maji ambavyo Waarabu wanaviita "sahrawi". Ichukue shuka hiyo hiyo uipeleke Jeddah, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, mwezi wa Agosti. Hewa imeshashiba maji, shuka haikauki, na wewe umejiongezea unyevu chumbani na ukungu ukutani. Aliyerikodi video hakusema uongo. Hakuwa Jeddah tu.

Au ile ya siki na magadi ya kuokea, inayopendwa kuliko zote kwa sababu inatoa povu na povu linapendeza machoni. Hii yeyote anaweza kuijaribu jikoni kwake bila ya khatari, mradi asiifungie ndani ya chupa. Siki peke yake inakula ile chokaa nyeupe inayoganda kwenye bomba na birika. Magadi peke yake yanasugua na kukata mafuta. Ukivichanganya, kimoja kinamuua mwenziwe. Gesi inapanda juu na povu lake, na kinachobaki ni takriban maji yenye chumvi kidogo. Hasara yake ni siki ya riyali chache na jasho la aliyesugua bure.

Khatari ipo kwengine. Dawa ya kung'arishia, sisi tunayoiita jiki na Saudia inayojulikana kwa jina la Clorox hata ikiwa ya kampuni nyengine, ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Na asidi siyo lazima iwe ya maabara. Ni siki, ni maji ya limau, ni ile dawa kali ya kuondolea chokaa chooni. Ikikutana na amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, inatoa kloramini, nayo inaunguza macho, koo na mapafu. Klorini ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani lilifungulia tarehe 22 Aprili 1915 karibu na Ypres, Ubelgiji, ikawakuta wanajeshi wa upande wa Ufaransa, wengi wao watu wa makoloni kutoka Afrika Kaskazini, ndani ya mahandaki. Iliwakuta mahandakini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, takriban mara mbili na nusu, basi inatambaa chini na kujaa mashimoni.

Sasa fikirini choo cha nyumba ya Riyadh. Nje joto limepita nyuzi 45, madirisha yamefungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke, pengine choo chenyewe hakina dirisha ila feni ndogo ya kuvutia hewa, ile wanayoiita shafati. Mwenye nyumba kasimama mlangoni au yuko sebuleni. Binti kapiga magoti, kainamisha uso sakafuni anasugua. Gesi inakaa pale pale ulipo uso wake. Video haikuonyesha hilo, kwa sababu aliyeirikodi alikuwa amesimama na simu mkononi.

Na simu ndiyo kiini cha maneno yetu. Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kikenya nchini Saudia, baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 70. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni kunyang'anywa pasi za kusafiria na simu, na kufungiwa ndani. Jee, mwanamke wa namna hiyo ataangalia wapi kama mchanganyiko alioamrishwa una sumu? Onyo limeandikwa kwenye chupa, lakini kwa Kiarabu na Kiingereza, na wengi wetu Kiarabu tunachokijua ni cha msahafu, siyo cha lebo.

Kuna watakaosema: si akatae? Sheria ya Kazi ya Saudia ya 2005 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani. Zikaja kanuni zao mwaka 2013. Zilimkataza mwajiri kumpa mfanyakazi kazi ya kudhuru afya yake, na hapo hapo zikamkataza mfanyakazi kukataa kazi bila ya sababu halali. Oktoba 2024 zikaanza kutumika kanuni mpya, zenye ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku. Ni hatua, tusiwanyime haki yao. Lakini nani atamuamini binti aliyefika juzi akisema kusafisha choo ni kazi ya khatari? Mbele ya kafili itaonekana ni uvivu.

Serikali zetu hazina udhuru. Kenya na Uganda zimewahi kusimamisha safari za wafanyakazi wa ndani kwenda huko na kuzifungua tena, na kila mara mazungumzo yanatawaliwa na mshahara na ada za mawakala. Sisi tunadai jambo dogo na la bei rahisi, kwamba katika mikataba baina ya nchi na nchi iandikwe waziwazi kuwa kukataa kuchanganya dawa za usafi ni sababu halali, na mafunzo ya kabla ya safari yatenge saa moja ya somo hili. Chupa mbili mezani na mwalimu anayejua vinatosha.

Wakati serikali zikijivuta, wazazi na ndugu mlio nyumbani mna la kufanya kabla binti hajapanda ndege. Mwambieni jiki ichanganywe na maji baridi tu. Ikimpata, atoke mara moja, asirudi kumwaga wala kuongeza dawa nyengine ya "kupooza", na aoshe macho kwa maji mengi. Kikohozi kikipungua asihesabu kuwa kamaliza, kwani maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye. Gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997. Na kama hana simu, akariri maneno haya ya kumwambia yeyote aliye karibu: "Ma agdar atnaffas." Siwezi kupumua.