Si Kila Kamera Iliyozimika Imekufa

Mtu akifungua kabati la afisi ya Serikali katika visiwa hivi, iwe ya ardhi, ya uvuvi, ya elimu au ya afya, si ajabu akakuta chini ya mafaili ya zamani kamera moja au mbili ndogo za dijitali, zile za kutiwa mfukoni, zimefungwa kwa mpira na kubandikwa karatasi yenye neno moja tu: MBOVU. Ukiuliza ubovu wake ni upi, hupati jibu. Aliyeiandika karatasi amekwisha kuhamishwa, fundi hakuitwa, na chombo chenyewe kinangoja siku ya kufutwa katika daftari la mali ili kiende jaani pamoja na viti vilivyovunjika miguu.

Majumbani hali ni hiyo hiyo. Kamera iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi ya binti, au iliyoletwa na ndugu kutoka Maskati au Dubai, ilizimika siku moja ufukweni na tangu hapo imelala juu ya kabati. Na ndani yake zimelala picha za watu ambao baadhi yao hatunao tena.

Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wetu, na hasa mbele ya wakuu wa idara, kwa sababu tunaamini kwamba nyingi katika kamera hizo hazikufa. Zimepatwa na maradhi madogo yanayojulikana, na mengi katika maradhi hayo yana dawa isiyohitaji kupelekwa ng'ambo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tujisumbue na kamera wakati karibu kila mtu ana simu. Swali hilo lina haki yake. Lakini picha ya kazi iliyopigwa kwa simu ya mtumishi ni picha iliyomo mfukoni mwa mtumishi. Akihamishwa, akistaafu, au simu ikiibwa, basi picha ya mpaka wa shamba uliogombaniwa na picha ya nyavu haramu zilizokamatwa huondoka naye. Kamera ya afisi hukaa afisini. Tena viwanda navyo vimekwisha kuipa mgongo biashara hii. Mwaka 2010 makampuni ya Kijapani yalipeleka sokoni kamera ndogo zaidi ya milioni 100. Haikupita miaka mingi simu zikalimeza soko hilo, na zinazotengenezwa leo ni sehemu ndogo mno ya hesabu ile. Tunachokitupa hatutakipata tena dukani kwa bei tuliyokinunulia. Vijana wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuling'amua hilo, nao wanazitafuta kuukuu kwa fedha nzuri.

Sasa tuyatazame hayo maradhi, na tuanze na mchanga, kwa kuwa ndio adui mkubwa wa kamera katika nchi iliyozungukwa na fukwe. Lenzi ya kamera ya mfukoni hutoka na kurudi ndani kwa mikupuo miwili au mitatu, ikisukumwa na mota ndogo na vigurudumu vya meno vya plastiki visivyozidi ukubwa wa punje ya choroko. Chembe moja ya mchanga ikiingia baina ya mkupuo na mkupuo, lenzi hukwama. Kamera hulia, huandika kwamba pana kosa la lenzi, kisha hujizima. Hapo ndipo wengi wanapoikamata lenzi kwa vidole na kuivuta kwa nguvu, na hapo ndipo meno ya vile vigurudumu yanapovunjika. Ugonjwa uliokuwa wa dakika tano hugeuka kuwa msiba.

Jambo la kwanza ni kutia betri iliyojaa, maana betri iliyochoka huweza kuiacha lenzi njia kapa bila ya kuwapo chembe yoyote ya mchanga. Ikiwa bado imekwama, igeuzwe uso chini, ipulizwe pembeni mwa lenzi kwa kipulizio cha mpira, na ufagiwe ule mwanya wa duara kwa brashi laini iliyo kavu. Kisha iwashwe na kuzimwa mara kadhaa ikiwa bado imeelekea chini, ili mchanga uanguke badala ya kuzama. Kipande cha karatasi nyembamba kikipitishwa polepole kuuzunguka mwanya huo huweza kuitoa chembe iliyokaidi. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani mate ni maji. Mafuta ya cherehani, ambayo baadhi ya watu wetu huyaona kuwa ni dawa ya kila kitu kilichokwama, hayafai kabisa: huyashika mchanga, na husambaa hadi kwenye kioo na kwenye shata. Ikiwa kamera ilianguka na lenzi imekaa upande, kipini kimoja kimetoka katika mfereji wake, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kamera isiyowaka kabisa nayo isihukumiwe kwa haraka. Nyuma ya kifuniko cha betri mna swichi ndogo sana, ambayo kifuniko kinapofungwa huibonyeza. Kikivunjika kile kijino cha kufungia, swichi haibonyezwi, na kamera haiwaki hata ukiitia betri mpya kumi. Tumeona kamera iliyowekwa kando muda mrefu ikafufuliwa kwa kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa na utepe wa gundi. Haipendezi machoni, lakini inapiga picha.

Halafu pana kutu. Hewa yetu ina chumvi, na vile vibati vinavyogusana na betri hufanya utando ambao jicho huweza lisiuone. Pamba iliyochovywa katika spiriti hutosha. Zile kamera zitumiazo betri za kawaida za duka, zikiachwa nazo ndani kwa miezi, betri huvuja na kuacha unga mweupe au wa kijani. Unga huo ni wa namna ya magadi, na dawa yake ni tone la siki katika kijiti cha pamba, kisha spiriti, kisha kukausha vizuri kabla ya kutia betri mpya. Kamera isiyotumika itolewe betri. Agizo hilo limeandikwa katika vitabu vya maelezo, nasi tunashuku kwamba ndiyo sababu halisomwi.

Kadi ya kumbukumbu ina jambo lake dogo la kuchekesha. Ubavuni mwake pana kiswichi cha kufungia; kikisukumwa kwa bahati mbaya, kamera hukataa kuandika chochote, na mwenyewe hudhani kamera imeharibika. Pia kamera za kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida haziwezi kuzisoma kadi kubwa za leo. Zinataka zile za zamani zisizozidi gigabaiti 2. Fundi asiyelijua hilo atamtoza mwananchi fedha za bure.

Picha zikitoka nyeusi, au za zambarau, au zenye michirizi, ipo njia nyepesi ya kujua ugonjwa uko wapi. Zitazamwe picha za zamani zilizomo katika kadi. Nazo zikionekana vibaya, mtuhumiwa wa kwanza ni kioo cha nyuma au utepe wa nyaya zake. Picha zihamishiwe katika kompyuta na huenda zikaonekana kuwa nzuri. Za zamani zikionekana sawasawa lakini kila mpya ni giza, shata imekwama ikiwa imefunga. Picha za ndani zikiwa njema na za juani zikawa nyeupe pe, imekwama ikiwa wazi. Lakini zambarau na michirizi, hasa katika kamera za miaka ya 2002 hadi 2004, huelekeza kwenye kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachoupokea mwanga na kuugeuza umeme.

Na hapa tuna neno la kuwaambia waagizaji wa vifaa vya Serikali. Mwishoni mwa mwaka 2005 makampuni makubwa ya kamera, yakiwamo Sony, Canon, Fujifilm na Konica Minolta, yalitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zina kasoro katika kipande hicho. Nyaya za ndani yake ziliweza kuachana, hasa pale kamera ilipowekwa au kutumiwa mahali penye joto na unyevu. Makampuni yalikubali kutengeneza bila ya malipo. Joto na unyevu! Kama kwamba wameandika anwani yetu. Wangapi katika sisi walipata habari ile kwa wakati? Leo kuitegemea hisani hiyo ni bure, kwani vyombo vyenyewe vimepitisha miaka 20. Ila funzo lake kwa mnunuzi wa umma lipo pale pale, kwamba chombo kiagizwacho kwa ajili ya visiwa hivi kiulizwe kwanza kitastahimili vipi masika ya visiwa hivi.

Unyevu huo huo ndio unaootesha kuvu ndani ya lenzi, kama nyuzi za buibui zilizotandaa chini ya kioo. Kuvu ikishakula utando wa kioo haiponi. Kinga yake ni nyepesi na ya bei ndogo: kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, na ndani yake vile vipakiti vya kunyonya unyevu vijavyo na viatu vipya, vikibadilishwa kila vinapochoka. Mkoba wa ngozi, ambao watu huuona ndio heshima ya kamera, hufuga kuvu.

Iliyoangukia baharini je? Isiwashwe hata kwa kujaribu. Itolewe betri na kadi mara moja, isuuzwe kwa maji matamu safi ili chumvi itoke, kisha iachwe mbele ya feni kwa siku kadhaa, si juani wala ndani ya gunia la mchele. Tusidanganyane, aghalabu kamera hiyo haitarudi. Lakini kadi iliyosuuzwa na kukaushwa mara nyingi hupona, na picha zikapona nayo.

Tumeliacha kwa makusudi hadi hapa jambo lililo la hatari kuliko yote. Ndani ya kila kamera yenye taa ya kumulika mna kapasita, kipande cha duara kirefu kama kidole kidogo, kinachohifadhi umeme wa volti zipatazo 300. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Umeme huo haukai mrefu unapopita, lakini hubakia ndani ya kapasita hata baada ya betri kutolewa, na pengine kwa siku nyingi. Kijana anayejifundisha ufundi barazani, akaifungua kamera kwa bisibisi ya saa na kutia kidole asipopajua, atarushwa, ataungua, na mwenye moyo dhaifu aweza kupata makubwa zaidi. Fundi anayejua huumwaga umeme huo kwanza kupitia rezista, kisha huupima kwa mita mpaka aone umekwisha, ndipo agusapo kitu. Kuugonganisha kwa bisibisi, kama tulivyosikia baadhi wakijisifu, huchoma bisibisi, kapasita, na wakati mwingine jicho. Mzazi asimpe mtoto kamera mbovu aichezee kwa kuifungua. Twasema hivyo bila ya kupunguza neno.

Vijana wenye mikono myepesi tunao. Wameonekana wakizifufua simu ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Kinachokosekana ni kufundishwa kwa utaratibu. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo vyake Unguja na Pemba, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni. Somo la vyombo vidogo vya picha, likianza na kapasita kabla ya kingine chochote, halitahitaji jengo jipya. Litahitaji meza, mita, bisibisi nyembamba, na kamera mbovu za kujifundishia, nazo hizo zimejaa makabatini. Kamera mbili za mtindo mmoja, moja imevunjika lenzi na nyengine kioo, hutoa moja nzima. Lakini zikifutwa moja Wete mwaka huu na nyengine Mkokotoni mwakani, hazitakutana kamwe. Kwa hiyo tunaziomba idara zizikusanye mahali pamoja kabla ya kuzifuta.

Nchi hii si ngeni katika kazi ya picha. Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art katika Mji Mkongwe mwaka 1930, na picha zilizopigwa pale zinatazamwa hadi leo. Zilihifadhiwa katika hewa hii hii na chumvi hii hii, na watu waliojua kwamba picha hutaka kutunzwa. Filamu ilikuwa na heri moja: mwenye kuitupa aliona anachokitupa. Kadi ya ukubwa wa kucha haionyeshi kitu.

Nasi hatujitoi lawamani. Katika droo ya chumba chetu cha habari zilikuwamo kamera 4 zilizohesabiwa kuwa mbovu. Tulipozitoa ili kuandika haya, ya kwanza ilikuwa na kadi iliyofungwa swichi, ya pili ilitaka spiriti katika vibati vyake, ya tatu imekufa kweli kwa kuvu. Ya nne, ambayo lenzi yake imekwama, bado tunaipuliza.

La mwisho tunalowaomba wakuu wa idara halingoji mafunzo wala bajeti. Kabla ya kamera yoyote ya Serikali kufutwa katika daftari, kadi yake itolewe, picha zake zinakiliwe na zipelekwe panapohusika, na zile za thamani ya kudumu zipelekwe katika nyaraka za taifa zilizoko Kilimani. Kisha kadi yenyewe iharibiwe au ibakie kufulini, kwani picha iliyofutwa kwa kidole huweza kurudishwa na mtu mwenye programu ya kazi hiyo, na kadi ya kituo cha afya huenda ina nyuso za wagonjwa ambao hawakumpa ruhusa mwokota taka kuwatazama. Na katika ile karatasi inayobandikwa, pahala pa neno MBOVU paandikwe mistari miwili: kamera hii inafanya nini, na haifanyi nini. Fundi atakayeipokea hatahitaji kingine cha kuanzia.